Siku Nilipoitikia Jina Lisilo Langu

Batata na bamama, wazazi wetu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, namshukuru Mungu kwa kunisimamisha hapa. Mama amenionya nyumbani: "Ukienda kuchekesha batu mu kanisa, usirudie kwangu." Kwa hiyo mkicheka ni shauri yenu, mimi simo.

Mnanifahamu. Nina miaka kumi na tisa, nasoma mwaka wa kwanza katika institut, chuo chetu hapa Kolwezi. Nimo pia katika kundi la wanafunzi ambao jeshi linawafundisha kuwa maofisa. Siku za wiki tunasoma, Jumamosi tunavaa buti na kupigiwa kelele. Nilijiandikisha, nitasema ukweli, kwa sababu ya buti.

Ndugu zangu, nimepewa kipaji cha kuiga sauti. Profesa akiita majina, na mwenzangu amelala nyumbani, mimi namwitikia: "Présent!" Asubuhi moja darasani niliitikia watu wanne, mmoja wao dada mwenye mafua. Sisi tuliita hiyo kumpenda jirani. Msinitazame hivyo, wengine wenu mlisoma pia.

Rafiki yangu mkubwa anatoka Sandoa. Anakaa kwetu, tunakula sahani moja. Mama yake alimleta mwenyewe, akamwambia mama yangu: "Huyu ni mutoto wako sasa." Jumamosi moja tulitembea kwa miguu hadi karibu na Nzilo, mizigo mgongoni. Wakati wa kurudi malori mawili yalikuwa yanatungoja. Rafiki akaninong'oneza: "Tumbo inanisumbua. Naenda mu majani kidogo. Unijibie."

Adjudant, mwalimu wetu wa gwaride, akaanza kuita majina. Lilipofika la rafiki nikatoa sauti ya Sandoa, nzito, ya polepole: "Présent, mon adjudant." Wenzangu wakacheka ndani ya mikono ya mashati. Nikapanda lori la kwanza kama bingwa, nikidhani yeye atapanda la pili.

Njiani, kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, malori yakasimama pamoja. Nikachungulia lile lingine. Hayumo. Nyuma yetu mawingu ya mvua yalikuwa yameshafunika upande wote wa Nzilo.

Nawaambia bila kuficha, wazo langu la kwanza halikuwa rafiki. Lilikuwa: nikisema, nimefukuzwa. Nikajiambia atapata pikipiki. Dada mmoja wa section yetu, kikosi chetu kidogo, alikuwa ananitazama.

"Ni weye ulijibu," akasema. "Shuka."

"Ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Sauti yake umeibeba weye. Atatuita na nini?"

Nikashuka. Kutoka nyuma ya lori hadi kwenye dirisha la mbele, alipokaa adjudant na dereva, ni hatua chache tu, lakini mimi nilitembea kama nakwenda Dilolo kwa miguu.

"Mon adjudant, kuna mutu amebaki."

"Bote bako. Nilibasikia."

"Yule mulisikia ni mimi."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akaniuliza tu: "Tangu Jumamosi ya kwanza, weye umekuwa batu wangapi?"

"Batatu, mon adjudant."

Akamwambia dereva ageuze.

Tulijipanga mstari tukaingia kwenye majani, mvua ikatukuta humo. Nilimwita kwa sauti yangu mwenyewe, hii mbaya mnayoisikia. Akaitika kutoka chini. Alikuwa ametumbukia katika shimo la zamani la wachimbaji, ambalo majani yalikuwa yameliziba mdomo. Mguu umevunjika kwenye kifundo, na maji yameanza kuingia. Nikalala kifudifudi kwenye matope, nikamshika mkono.

"Ulinijibia?" akaniuliza.

"Nilikujibia."

"Muzuri?"

"Muzuri sana. Hata adjudant hakujua."

Akacheka, halafu akalia. Mimi nilianza na kulia, kwenye kucheka sikufika.

Tulipomtoa na kumfikisha hospitali, nikarudi nyumbani. Baba hakunipiga. Alifanya kazi mgodini miaka mingi. Akafungua sanduku lake, akanitolea jeton, kipande cha chuma chenye namba. "Ukishuka, unaitundika ku ubao," akasema. "Ukipanda, unaitoa. Ikibaki moja, banajua mutu angali chini. Mwenzako anaweza kukubebea koti, kukubebea chakula. Jeton yako, hapana. Akiitoa yeye, banafunga mulango, weye uko ndani."

Jumapili, nisameheni, sikuja kanisani. Nilikuwa nagonga vifuniko vya chupa za soda kwa nyundo mpaka vikawa bapa. Nikavitoboa, nikachora namba kwa msumari, nikapigilia misumari kwenye ubao, mmoja kwa kila mtu. Jumatatu nikampelekea adjudant. Nikamwambia: "Mukinifukuza, ubao ubakie."

Akavigeuzageuza vile vifuniko. "Ya kwako ni gani?"

"Hii."

"Uitundike."

Ndivyo nilivyojua kwamba sijafukuzwa. Lakini msidhani ilikuwa bure. Miezi mitatu nilisafisha vyoo vya kambi. Navijua kuliko katekisimu.

Leo kundi zima linatumia ubao wangu. Hakuna lori linalowashwa kabla kila mtu hajatoa kifuniko chake kwa mkono wake. Na mwezi uliopita nilipewa section niiongoze. Mimi. Tangu siku hiyo natembea kifua mbele, hata mama anasema kitafika sokoni kabla yangu.

Namshukuru yule dada aliyeniambia shuka. Namshukuru adjudant aliyegeuza lori kabla ya kunigeukia mimi. Namshukuru baba, na mama wa rafiki yangu kule Sandoa aliyenisamehe, ingawa nikienda kwake bado ananipa kipande kidogo cha nyama. Nanyi vijana wa mlangoni, nilichojifunza ni hiki: mwenzako asipokuwapo, usimwitikie. Nenda ukamtafute.

Rafiki yangu amepona. Leo amekuja kwa miguu yake miwili na buti zake, amekaa benchi ya tatu. Lakini mimi nimeacha kusemea watu. Mwiteni, aitike mwenyewe.