Duncan Thackray Anavua Pedi za Kriketi

Leo ni Jumatatu, tarehe 5 Septemba 1994. Mimi, Rosalind Ibbotson, nimeiahidi kamati ya Klabu ya Kriketi ya Harrowthwaite kwamba nitasema yote, hata yale ambayo kwa kawaida hayaandikwi katika programu ya kumuaga mtu.

Bwana Duncan Thackray anastaafu Jumamosi hii baada ya miaka ishirini na mmoja ya kriketi ya kulipwa. Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka uwanja wetu, mtoto wa fundi wa kiwanda cha sufu ambacho sasa kimefungwa. Akiwa na miaka kumi na saba timu ya mkoa ilimchukua, kisha akaitwa kuichezea Uingereza. Aliichezea mara sitini na moja.

Hakuwa mpigaji wa mbwembwe. Bi. Audrey, anayetuandalia chai, huapa kwamba aliwahi kufuma mkono mzima wa sweta kabla Duncan hajapata mbio kumi, yaani alama kumi tu. Lakini warushaji wakali wa dunia walichoka kabla yake. Mwaka mmoja alivunjwa kidole, akafungwa bandeji, akarudi kupiga kwa mkono mmoja mpaka timu ikaokoka. Baa yetu nzima ilisimama mbele ya televisheni ikapiga makofi.

Msimu huu haukuwa mzuri. Macho yake hayauoni tena mpira mapema. Mechi yake ya mwisho ya mkoa ilitazamwa na wazee wachache waliojifunika makoti, na alitolewa bila mbio.

Sasa yale mengine. Mwaka 1985, katika mechi ya siku moja, Uingereza ilihitaji mbio nne. Duncan alikuwa anapiga, na mwenzake wa kukimbia, aliyesimama upande wa pili, alikuwa kijana wa hapa hapa, Neville Ibbotson, aliyeitwa timu ya taifa kwa mara ya kwanza. Huyo ni baba yangu. Mpira uligusa kigongo cha Duncan ukaenda nyuma yake. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba mpira ukienda nyuma, mwenzako ndiye anayeuona, kwa hiyo yeye ndiye anayeamua mkimbie au mkae. Baba aliita, "Kaa!" Lakini Duncan, mkubwa wake, tayari alikuwa anapiga kelele, "Njoo!" Baba akatii, akatoka. Kisha akasikia, "Hapana!" Kisha, "Ngoja!" Wapinzani waliangusha vijiti kwa mpira baba akiwa bado katikati, na anayekutwa hivyo hutolewa. Alitolewa kabla hajacheza mpira hata mmoja, na hakuitwa tena.

Sasa baba ndiye mtunza nyasi wa klabu. Nikikimbia kwenye korido za shule, wavulana hunipigia kelele, "Ibbotson, njoo! Hapana! Ngoja!" Mimi hucheka nao kidogo, kisha naacha kukimbia.

Tangu mechi ile baba na Bwana Thackray hawajasemezana. Jumamosi iliyopita Bwana Thackray alikuja uwanjani. Mawingu yalikuwa yameshuka. Baba alikuwa akisukuma rola, wala hakusimama.

"Nev!" Bi. Audrey aliita kutoka dirisha la jikoni. "Hebu acha kuziponda hizo nyasi, umepata mgeni!"

"Mgeni wa klabu huyo, si wangu."

"Wewe na roho yako! Hata hilo rola lina huruma kukushinda."

"Mwache, Bi. Audrey," Bwana Thackray alisema taratibu. "Yuko kazini." Akaondoka bila kunywa chai.

Jioni nilimwambia baba kwamba kamati imewapanga wao wawili wafungue mchezo wa kuaga wa Jumamosi, wakiwa wapigaji wawili wa kwanza. Aliendelea kukwangua matope kwenye viatu vyake.

"Mwambie mpira ukienda nyuma yake, mimi ndiye ninayeita."

"Hilo tu, baba?"

"Hilo tu, binti yangu. Kama hawezi, asihangaike kuja."

Bwana Thackray, kijiji kinakushukuru kwa zile alasiri ndefu ulizokataa kutolewa. Tunakuombea magoti yasiyouma na asubuhi za kulala mpaka uchoke mwenyewe. Nakutumia maandishi haya kabla hayajachapwa siku ya Alhamisi, na pale panapoandikwa wafunguzi wa mchezo nimeacha nafasi ya majina mawili. Tafadhali nijibu kwa posta ya kwanza: baba akikuambia "Kaa!", utakaa?