Bi Vidudu wa Vijito Vitatu

Sogeeni karibu jamani, mlio nyuma ya turubai ingieni hata kama mtakaa wawili kiti kimoja, wenye simu zizimeni, wenye watoto wapakateni, tupeane utulivu kidogo, maana aliyelala hapa mbele yetu alikuwa mtu wa kusema polepole, na historia yake nayo haitaki kelele.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Vidudu, alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Aprili 1971, saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya matofali inayotazamana na kijito cha mashambani, akiwa mtoto wa pekee wa mama yake, ambaye mpaka leo anasema kwamba mtoto yule alitoka amekunja ngumi, kama mtu aliyeokota kitu njiani na hataki kunyang'anywa. Mama alikuwa akifua nguo za watu kwenye kijito hicho, na mtoto akikaa pembeni kupindua mawe, mpaka siku moja, akiwa na miaka mitano, akaja na kitu kidogo kama kipande cha uzi mnene, kimeshonwa kwa punje za mchanga mwekundu, na ndani yake kichwa kinachungulia. Mama akapiga kelele, tupa huko, kitakuuma, na mtoto akajibu, mama, huyu ana nyumba yake, nikimtupa kwenye majani atarudi vipi kwao? Mama alicheka hadi sabuni ikachukuliwa na maji, na tangu siku hiyo wadudu wale nyumbani kwao waliitwa wajenzi.

Alianza darasa la kwanza Januari 1978, akamaliza kidato cha nne mwaka 1988, kisha akasomea ufundi wa maabara kwa miaka miwili, na tarehe 3 Februari 1992 akaajiriwa katika ofisi ya ukaguzi wa maji, chumba cha mwisho kwenye korido, ukishapita stoo ya ndoo, ambako kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha chupa. Hakukaa sana kwenye chupa, kwa sababu aliomba kwenda mtoni, na huko akapewa vijito vitatu. Cha msituni kina kivuli na mawe na majani yaliyooza, na ndani yake wadudu wa kila namna, wenye mikia mitatu, wanaong'ang'ania mawe, na wajenzi wenye nyumba za mchanga mweupe unaometa. Cha mashambani kinapigwa jua, tope limejaa, na dawa za mimea zilikuwa zimewamaliza wajenzi wake wekundu wote, asibaki hata mmoja. Cha mjini kinapita nyuma ya gereji, na humo ni minyoo wekundu na ruba tu, maelfu kwa maelfu. Yeye alikuwa akiingia majini, anafurukusha mawe kwa nyayo huku anahesabu mpaka mia mbili, wavu uko chini yake, kisha anamimina kwenye sinia jeupe na kuwachambua kwa kibano mmoja mmoja, na kwa kuwaangalia hao waliomo na wasiokuwamo, anajua maji yana hali gani.

Tarehe 21 Desemba 1996 alifunga ndoa na dereva wa ofisi, aliyekuwa akimpeleka mtoni na kuishia kushikishwa wavu, na shangazi wa bwana harusi alipoona kucha za bi harusi zina tope akasema kwa sauti, jamani, huyu tumempokea ukumbini au tumemvua mtoni? Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Julai 1998, na mwana aliyezaliwa tarehe 17 Machi 2003.

Sasa tutasema jambo ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisifichwe. Katika kazi ile, jina la kijito huandikwa kwa penseli kwenye kikaratasi, na kikaratasi huingizwa ndani ya chupa pamoja na wadudu, kwa sababu wino huyeyuka kwenye spiriti na vifuniko hubadilishana. Tarehe 22 Agosti 2011 mwanawe alikuwa na homa kali, mama mtu akaharakisha, akaandika kwa wino juu ya vifuniko, vifuniko vikafunguliwa kuongeza spiriti, vikafungwa ovyo. Ripoti ikatoka kwamba kijito cha mashambani kimepona, na watu wakaanza kuchota humo maji ya kunywa. Wiki mbili baadaye alikuwa akirudia kuhesabu, akamwona mjenzi ndani ya chupa ya mashambani, akamsogeza kwenye mwanga wa dirisha, na nyumba ya mdudu yule ilikuwa ya mchanga mweupe unaometa.

Alikwenda kwa mkubwa wa ofisi na chupa ile mkononi. Mkubwa akamwambia, dada, nani katika mji huu anahesabu wadudu, funga chupa na mdomo pia, naye akajibu, mkubwa, huyu amevaa mchanga wa msituni, kule mashambani hakuna mjenzi hata mmoja, na watu wanakunywa. Siku hiyo hiyo alisimama kwenye kivuko cha kijito, akawaambia wachotaji wamwage ndoo. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani akamuuliza, juzi mazuri, leo mabaya, yaliyobadilika ni maji au ni wewe? Akasema, ni mimi. Akawaahidi pale pale kwamba atakuja kuhesabu kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, bila kuruka hata mmoja, mpaka wajenzi wekundu warudi. Ofisi ilimrudisha kuosha chupa kwa miaka miwili, lakini Jumanne zake hakuziacha, na wakulima, waliomnunia kwanza, taratibu wakaacha kuosha mabomba ya dawa kijitoni, na majani wakayaacha yaote kingoni.

Mwezi Oktoba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji, akapata nafuu, lakini ugonjwa ukarudi, na kufikia Januari 2024 miguu haikumbeba tena. Akalia kwa ajili ya Jumanne zake kuliko alivyolia kwa ajili ya mwili wake. Mama yake akasema, nimefua kwenye kijito kile kabla wewe hujazaliwa, kitanishinda nini? Basi mama akaingia majini na miaka yake sabini na minne, mkwewe kashika wavu na kumwomba asianguke, na kwa kuwa mama hakusoma, marehemu alimfundisha kuchora kwa penseli, jani ni msituni, jembe ni mashambani, nyumba ni mjini.

Jumanne tarehe 4 Juni 2024, mwezi wa mia moja hamsini na nne tangu ahadi ile, mama aliingia wodi namba tano, alikolazwa bintiye, na chupa mkononi. Marehemu alisoma kikaratasi kwanza, akaona jembe, ndipo akainua chupa kwenye dirisha, na ndani yake mjenzi mmoja, nyumba yake ya mchanga mwekundu. Akaitazama muda mrefu, akasema, mama, huyu ni wa pale pale. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni, saa tisa alasiri, mkono wake ndani ya mkono wa mama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, waliovumilia chupa za wadudu juu ya kabati la dawa, majirani waliopika na kufua, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya maji, na watu wa mashambani, ambao leo wamekuja wengi kuliko tulivyopanga viti.

Kwa maagizo yake, wavu wenye kiraka amepewa binti yake, madaftari yote amepewa mwanawe, na humo ukurasa wa Agosti 2011 usichanwe. Viatu vya mtoni amepewa mumewe, havimtoshi na amekataa visigawiwe. Penseli, iliyobaki urefu wa kidole gumba, ameachiwa mama yake, na Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao mama atachora jembe.

Pumzika kwa amani, Bi Vidudu, miguu yako sasa ikauke.