Kibanda Chini ya Mtini wa Bi Rahma

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Rabi Amram, mlezi wetu. Bi Rahma Zerbib, uliyeketi hapo mlangoni na mizigo yako. Majirani wenzangu wa jengo hili: sikukuu inaingia jua likizama, kwa hiyo sitawachosha.

Kama mwenyekiti wenu nimepewa kazi ya kufungua kibanda chetu kipya cha Sikukuu ya Vibanda, na kusema kweli, naona aibu. Naona aibu hata macho kuyainua siwezi.

Nani kati yetu si hodari wa kutafuta njia? Siku ya Sabato hatuwashi moto, na bado chakula kinafika mezani kikifuka moshi. Hatubonyezi kitufe, na bado lifti inatushusha yenyewe, ghorofa kwa ghorofa. Hapa Tiberia ukimletea mtu tatizo asubuhi, kabla hajamaliza kahawa keshakupa majibu matatu na ugomvi mmoja. Basi wiki hii akili hizo zilikwenda wapi?

Miaka yote kibanda kilisimama langoni. Mwaka huu langoni pana magari, langu likiwemo, tukakihamishia uani, chini ya mtini alioupanda marehemu Makhlufi, mume wa Bi Rahma. Rabi akapita, akatazama juu, akaniambia, "Shimoni, kibanda chini ya mti hakifai. Lazima kitazamane na mbingu." Tukapima, tukabishana, tukapandishiana sauti kama kawaida yetu. Mwisho jirani yetu Prosper akasema, "Si mkate matawi tu! Mwenyewe yuko hospitali na goti lake. Akirudi tutampoza na keki." Tukacheka. Mwenye msumeno nilimwita mimi. Alianza na matawi, na sisi tumesimama pale, akamaliza na shina.

Na ilikuwa lini, jamani? Siku moja tu baada ya Siku ya Upatanisho! Jana yake tulikuwa tumefunga, tumelia, tumekumbatiana tukiombana radhi. Radhi zile tulikuwa tunaombana za nini?

Juzi Bi Rahma akarudi na mkongojo wake. Hakupiga kelele. Alikitazama kisiki, kisha akaniuliza, "Shimoni mwanangu, kwa nini hamkusogeza kibanda?"

Mimi, hodari wa majibu matatu, nikageuka nikaondoka. Mimi huyu!

Nikamkimbilia Rabi. "Sasa kibanda kinafaa?"

"Kinafaa," akasema. "Ila mimi sikai humo."

Nikaenda kumwomba Bi Rahma msamaha. "Wewe nimekusamehe," akaniambia. "Mti kauombe mwenyewe." Leo anahamia kwa binti yake kule Afula, maana kila akifungua dirisha anakutana na kisiki, na sisi hatuna uso wa kumwambia abaki. Hivi, kuna mtu humu aliyewahi kununua tini sokoni? Sote tumelelewa na mti ule.

Bi Rahma, mbele ya watu wote hawa nasema: tumekukosea, na ujanja wetu wote haukutufaa kitu.

Majirani, magari yatoke langoni sasa hivi, langu nimeshalitoa. Prosper, kamata nguzo. Kibanda kinarudi mahali pake kabla ya jua kuzama. Nawe Mheshimiwa Diwani, niwie radhi, huo mkasi wa utepe naomba unirudishie. Hapa uani tumeshakata vya kutosha.

Ahsanteni kwa kunivumilia.