Lori Lililoambiwa Si Gari

*Risala ya madereva, mafundi na wasukuma magari wa Garsen kwa Bwana Mkaguzi wa Magari, Julai 1955. Msomaji: Danson Gunga, karani wa chama.*

Mgeni rasmi, Bwana Mkaguzi, pamoja na suruali yako ambayo bado haijakauka, karibuni Garsen.

KARIBU

Tumefurahi kukuona. Tulianza kufurahi tangu saa moja asubuhi, tulipokuona kwa mbali umekaa juu ya boneti ya gari lako, viatu mkononi, maji yamekuzunguka pande zote. Lakini hayo tutayafikia kwa zamu yake. Kiti ulichokalia ni cha Mwanaarusi, mwenye duka la mchele, naye anaomba usiegemee upande wa kushoto. Shuka uliyojifunga kiunoni ni yake pia. Amesema imekupendeza kuliko ilivyompendeza marehemu mumewe.

TULIKOTOKA

Mwaka wa 1951 chama hiki kilikuwa na mafundi watano na gari hata moja hatuna. Tulikuwa kama wakunga watano katika kijiji ambacho wanaume wote wamesafiri. Malori ya matajiri yalikuja kiangazi, yakinusa mvua tu yanarudi Malindi, na watu wa juu ya mto, huko Ndera, wanabaki na Mungu wao mpaka tope likauke.

Ndipo tukasikia kwamba jeshi linauza malori yake ya vita, mnadani Mombasa. Tukamtuma Dhadho, fundi wetu mkubwa, mzaliwa wa Ndera, aliyeendesha lori la jeshi Uhabeshi na Burma akarudi na vidole vyote kumi. Tukamtuma na Guyo, Muorma mchuuzi wa ng'ombe, kwa sababu mchango mkubwa ulikuwa madume yake, na yeye alisema hajapata kununua mnyama kwa kusimuliwa.

Dhadho hakupendezwa. Njia nzima aliomba moyoni Guyo asifungue mdomo mbele za watu.

Malori yalipangwa uwanjani safu mbili. Dhadho akaenda moja kwa moja kwenye moja lililopakwa rangi mpya ya kijani, taa zote mbili zinameta. Akafungua boneti, akatabasamu peke yake kama bwana harusi. Guyo hakufungua kitu. Alilizunguka lile lori, akalipiga ubavuni kwa fimbo, akasikiliza, akanusa.

"Hili limelishwa jana," akasema.

"Guyo, lori halilishwi."

"Ng'ombe wa mnada ukimwona kawapita wenzake kwa unono, jua asubuhi kapewa chumvi, kanywa maji mpaka tumbo likakaza. Rangi ya nini? Huyu alikuwa anaumwa wapi?"

Dhadho, ili amnyamazishe tu, alikwaruza rangi kwa ukucha chini ya mlango. Ikabanduka kama ganda la yai. Akafuata ufa kwa kidole mpaka chini, akakuta chasisi imekatika na kuchomelewa mahali pawili. Alifunga boneti taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alichoingia kwa makosa.

Kutoka hapo walikwenda pamoja. Guyo alitazama kwato: tairi lililolika upande mmoja ni mnyama anayechechemea, na Dhadho akiingia chini anakuta kweli ekseli imepinda. Guyo alitaka kila lori liwashwe likiwa la baridi, lizimwe, liwashwe tena. "Ng'ombe mgonjwa akilala haamki vizuri," alisema. Mengine yalikataa kuamka kabisa. Muuza mnada aliwauliza kama wamekuja kununua lori au kuposa.

Mwisho wakasimama mbele ya moja lenye sura mbovu. Milango hana, taa moja, ubavu umebonyea, kutu kila mahali. Lakini matairi yamelika sawasawa, chini hakuna tone la oili, na magurudumu ya mbele yanavuta kama ya nyuma. Hendeli ya kuwashia injini ikazungushwa mara moja tu, akanguruma mpaka kunguru wakahama.

"Huyu," akasema Guyo, "ndiye ng'ombe mwembamba anayefika kisimani wa kwanza."

Dhadho aliingia chini akalala huko kitambo kirefu. Alipotoka, grisi imemjaa ndevuni, alisema neno moja: "Mlipe."

Tukampa jina la Shangazi. Sura ndiyo hiyo umeiona, sauti inamtangulia mwenyewe, na akija kwako siku ya shida huwezi kumwambia arudi alikotoka.

MAFANIKIO

Hatuna.

Mgeni rasmi, tunaomba utuwie radhi. Mwaka jana tulimsomea risala mkaguzi aliyekutangulia, na chini ya kichwa hiki tulitaja mambo kumi na manne tuliyomfanyia Shangazi ili apite matopeni. Danson aliyaandika kwa mwandiko wake wa sikukuu, akayapa namba, akaruka namba tisa kwa haraka. Mgeni akaomba nakala. Sisi tukapiga makofi, tukamwongezea mbuzi.

Mwezi wa Machi mwaka huu ikaja barua ya ofisi yenu. Mambo yale yale, mstari kwa mstari, na namba tisa imerukwa vile vile. Kilichobadilika ni kichwa cha habari. Sisi tuliandika MAFANIKIO, nyinyi mkaandika MAKOSA. Chini kabisa: "Kwa hiyo hili si gari, wala lisionekane barabarani."

Tuliuliza kwa barua: kama si gari, je, tunaweza kumwandikisha kama chombo cha majini? Ofisi ya vyombo vya majini ikajibu kwa heshima, ikitaka kujua kama anaelea. Tukasema anaelea kwa muda. Hawajatuandikia tena.

Tumejifunza. Mwaka huu tuna shida tu.

SHIDA ZETU

Shida yetu ya kwanza ni magurudumu ya nyuma. Lori la kawaida huwa na mawili mawili kila upande. Kwenye udongo wetu mweusi tope huingia katikati ya hayo mawili, likakaza, na lori zima likawa linazungusha magurudumu laini kama vyungu. Kwa hiyo tulipata shida ya kuyatoa ya nje, likabaki moja moja, linalopita pale pale lilipopita la mbele.

Shida nyingine ni maji. Injini ikivuta maji imekufa, basi tulipatwa na shida ya bomba la mfereji wa paa, tukalisimamisha kando ya dereva ili ivute hewa ya juu. Ekzosi nayo tukaielekeza mbinguni. Aliyekutangulia aliandika kwamba ni bomba la jiko. Hatukumlaumu, kwa sababu kile kikombe kinachogawa moto kwenye plagi tumekiziba kwa nta na mafuta ya mkia wa kondoo, na injini ikipata moto hunukia karamu. Mbwa wa Garsen wote wanamfuata Shangazi. Hilo nalo liliandikwa kosa, la kumi na mbili.

Kabla ya kuingia majini Dhadho huvua mkanda wa feni, feni isimwagie injini maji. Milango hatukuirudisha: maji yakiingia huku yatoke kule. Bodi ya chuma tuliiondoa, tukajenga nyepesi kwa boriti za mikoko kutoka Kipini. Na kwenye uwanda usio na mti hata wa kufungia mbuzi, tunachimba shimo, tunazika tairi la akiba, tunafunga kamba, na Shangazi anajivuta mwenyewe kwa kaburi hilo.

Zile mbao mbili kubwa zilizofungwa ubavuni si mbao. Ni mtumbwi mmoja mkongwe uliopasuliwa katikati kwa urefu. Tope likizidi, kila nusu inalala chini ya gurudumu, tumbo juu, na lori linapanda. Wapokomo, watu wa Dhadho, wamepita juu ya maji kwa mtumbwi tangu zamani. Dhadho alisema haoni kwa nini usipite juu ya tope.

Sasa shida yenyewe.

Mto umeanza kushuka. Ndera wanalima kwenye tope ambalo mto unaacha: maji yakirudi, ardhi inakungoja siku chache, umepanda hukupanda. Ikishapasuka, mpaka mwaka mwingine. Mwaka huu maji yalikaa sana, watu wakala mbegu. Tuneya, dada yake Dhadho, alimtuma mtu kwa miguu na maneno machache: "Mwambie kaka tope limeanza kuonekana. Lina siku sita. Watoto wanalitazama kama sahani tupu."

Magunia ya mbegu ya mpunga yako dukani kwa Mwanaarusi. Mtu atasema, si mna mitumbwi? Tunayo. Kupanda mto kwa kusukuma mti wa pondo, dhidi ya maji haya, na magunia ndani, ni siku kumi na mbili, viboko wakikubali.

Na Shangazi amekaa miezi minne bila kutembea. Dhadho ni mtu wa jeshi. Karatasi ikisema simama, anasimama, hata kama anatetemeka. Kila asubuhi alimfuta vumbi, akamwasha asikie kama yuko hai, akamzima. Mwanaarusi alimwambia juzi, mbele ya watu: "Mwanangu, mume akikatazwa na jirani kumgusa mkewe, huyo ni mume au ni mlinzi?" Dhadho alikwenda nyuma ya duka, akahesabu magunia ambayo alikuwa ameshayahesabu.

Leo asubuhi, mgeni rasmi, alipoona gari lako limeinamisha pua matopeni, maili moja na nusu kutoka hapa, hakuwasha kitu. Alikuja kwa miguu, tope la magoti, na tuliofuatana naye tulisikia yote. Tunayaweka hapa kwa sababu ulizungumza Kiswahili kizuri.

"Wewe una lori," ulisema. "Lilete, univute."

"Sina, bwana. Nina kitu, lakini si gari."

"Nani amesema si gari?"

"Ofisi yako."

Ulitazama maji, ukatazama viatu vyako. "Basi lete hicho kitu."

"Hakiruhusiwi barabarani, bwana."

"Barabara iko wapi hapa?"

"Hiyo pia nilitaka kukuuliza."

Dhadho anasema hakuwa anakuchezea. Aliona jambo alilongoja miezi minne limekaa juu ya boneti, na aliogopa kulidondosha. Ndipo akatoa penseli sikioni, akakupa. Ukaandika nyuma ya paketi ya sigara, kwa mkono wako, ukatia sahihi: "Lori hili laruhusiwa kutembea mpaka lifike pakavu."

Umeandika "lori", mgeni rasmi. Tulikisoma cheti hicho kwa zamu. Mwanaarusi, ambaye hajui kusoma, alikishika naye.

Yaliyobaki unayajua kuliko sisi. Ulikuwa ndani wakati nusu mbili za mtumbwi zinalala, na ulishika bomba la paa kwa mikono miwili. Gari lako tumelifikisha. Tumelifungua plagi, yametoka maji na samaki mmoja mdogo, tukamrudisha mtoni.

MAOMBI

Tunaomba ofisi yako ifute ile barua, imwandikishe Shangazi kuwa gari, kwa sura aliyo nayo.

Tunaomba pia ukague vizuri, bila haraka. Lakini hapo pana ugumu, na ni haki yako kuujua.

Hapa ulipokaa ni tope. Tulipeleka watu jana njia ya Ndera, wakarudi wamevaa tope mpaka kofia. Kutoka Garsen mpaka mlangoni kwa Tuneya hapana mahali pakavu pa kutosha kusimamisha kuku. Dhadho alikisoma cheti chako mara ya mwisho, akakikunja akakitia mfukoni wa shati, akasema amri ni amri: hajafika pakavu, hajaruhusiwa kusimama.

Kama mambo yamekwenda tulivyopanga, ile ngurumo uliyoisikia wakati Danson alipofika kwenye magurudumu ya nyuma, ukageuka, naye akapandisha sauti, haikuwa ya mvua; ilikuwa ya Shangazi akiondoka na mbegu kwenda Ndera. Guyo yuko na Dhadho, anashikilia magunia na kutoa maoni.

Siku mbili kwenda kwa mzigo, moja kurudi mtupu. Gari lako halitoki hapa bila kuvutwa, kwa hiyo chumba kimetandikwa kwa Mwanaarusi, na suruali itakuwa imekauka. Dhadho akirudi atamsimamisha Shangazi mbele yako, atazima, ataweka hendeli juu ya boneti, na atasimama wima kama alivyofundishwa. Ukisema ni gari, atakuvuta mpaka barabara ya Malindi. Ukisema si gari, hendeli ni yako, ichukue, hakuna atakayekuzuia, na tutakusukuma kwa mikono.

Ila mbegu itakuwa imeshaingia kwenye tope la Ndera. Hiyo, mgeni rasmi, hatutaweza kukurudishia.

Mungu akupe umri, akupe springi zisizokatika, na mahali popote utakapozama akuletee mtu mwenye kamba.

Ni sisi wako watiifu kwa kadiri ya hali ya barabara,
Chama cha Madereva, Mafundi na Wasukuma Magari, Garsen.