Risala ya Waokaji wa Mosocho Kuhusu Mafuta Yaliyokatika

Mgeni rasmi, Daktari Hodan Gulled, viongozi wetu, majirani mliokuja na vikombe vyenu mkononi:

Jumatatu ambayo mzee Osoro, mchanganyaji wetu wa mafuta, hakuamka, tanuri letu liliwashwa na watu watatu waliokuwa wakilaumiana. Kabla ya hapo tulikuwa tukimlaumu yeye, na kazi ilikuwa inaenda.

KARIBU NYUMBANI

Wewe si mgeni hapa. Baba yako, mzee Gulled, ametuuzia mafuta mazito ya tanuri kutoka Kisii mjini tangu ukiwa msichana wa kukaa juu ya mapipa ukila mikate yetu bila kulipa. Leo unapima mafuta ghafi katika maabara kule Mombasa. Mikate tumeisamehe.

TULIKOTOKA

Mafuta hayo ni mazito kama uji wa wimbi, kwa hivyo tunayalainisha kwa mafuta ya taa. Ukizidisha, ile sehemu nyeusi ambayo nyinyi wataalamu mnaiita asfaltini hujitenga, ikaganda na kuziba kila kitundu. Osoro alitueleza hivi: "Maziwa yakitiwa ndimu hukatika. Haya nayo hukatika, ni vile tu huwezi kumrudishia jirani aliyekuuzia."

Kazi yake ilikuwa kujua yatakatika lini, kabla hayajakatika. Alichanganya kidogo kwenye chupa ya jemu, akaongeza mafuta ya taa polepole, na kila mara akadondosha tone juu ya karatasi, akangoja likauke. Doa likiwa la rangi moja, endelea. Likitoa duara jeusi katikati, umevuka mpaka, rudi nyuma.

Ombui, anayekanda unga, alipenda kumsumbua, akimwita Mogaka, yaani mzee. "Mogaka, doa linasema nini leo?"

"Linasema ukande unga."

TULIYOYAPATA

Enzi zake tanuri lilizima mara chache. Akikosea, alisema karatasi ni mbovu. Mara moja lilizima akiwa Ikonge kwa mahari ya mpwa wake, na aliporudi alifurahi kiasi cha kutuudhi.

KILICHOTUSHINDA

Siku ya mazishi ilibidi tuoke mikate ya waombolezaji. Pipa alilolichanganya mwenyewe lilikuwa limebaki robo. Mengine yalikuwa mapya, na mzee Gulled alikuwa ameyatoa kwa muuzaji mwingine. Ombui akasema huku analia, "Tusimwache mzee kwenye pipa moja. Tumgawe, kila pipa lipate."

"Kwani yeye ni nyama ya harusi?" akauliza Nyanchama, mpakiaji, ambaye ndiye anayekusomea risala hii. Lakini naye alishika mpira wa kumiminia.

Hakuna aliyedondosha tone. Tuliona aibu kupima mafuta ya marehemu.

Yalikatika. Tanuri lilikohoa, likatema moshi, na mikate ikatoka nje masizi, ndani uji. Mchungaji aliuma kipande akafumba macho, nasi tukainamisha vichwa tukidhani anaomba. Wa kwanza kucheka alikuwa Celestine, mke wa marehemu. Alicheka mpaka akashikwa mkono na kuketishwa.

TUNAYOOMBA

Hatuombi mashine. Mafuta yaliyokatika tuliyakusanya katika pipa moja, lile pale mlangoni. Ombui anataka limwagwe. Celestine amekataa, anasema bado linatulia, na kila asubuhi hulipangusa vumbi. Tuambie kama mafuta yakishakatika huweza kurudi. Kama hayarudi, tafadhali mwambie yeye, taratibu. Sisi tumejaribu, tukaishia kumsaidia kupangusa.

Pia tunaomba umwambie baba yako atujulishe anapobadilisha mafuta. Tukimuuliza sisi, yeye hufoka, nasi kwa woga tunanunua pipa lingine.

La mwisho, uketi na Celestine. Ndiye anayedondosha tone siku hizi. Jicho analo, kwa sababu jioni nyingi alikuwa akizitoa karatasi hizo mfukoni mwa shati la mumewe kabla ya kulifua. Lakini kila jibu lake linaanza na "nadhani," na nadhani haiwashi tanuri.

Mungu akufikishe Mombasa salama, na ampe mzee Gulled afya, pamoja na upole kidogo. Tone la leo liko kwenye karatasi hiyo iliyo mbele yako, tafadhali usiweke kikombe juu yake. Bado halijakauka, na ndiyo maana chai yako haina mkate.

Ni sisi,
Waokaji wa Mosocho