Msuli Mnene Ni wa Kushoto

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo, Profesa Achterberg. Waheshimiwa wajumbe wa bodi ya makumbusho. Wageni wetu waalikwa. Wenzangu wa idara ya wadudu. Na wewe, Dk. Marlys Tollefson, tunayekuaga leo baada ya miaka thelathini na mitatu: nawasalimu nyote.

Nimepewa dakika tano, na Bi. Joyce amenionya nisizidishe kwa sababu viazi vyake vya oveni vinapoa. Mtaniwia radhi. Niliandika hotuba ya sifa, tena yenye vichekesho, nikaiacha nyumbani.

Nani hapa asiyemjua yule mbawakawa mweusi anayekula konokono chini ya magogo yetu? Dk. Marlys alipasua vichwa arobaini na moja vya mdudu huyo, kwa wembe alionoa mwenyewe, akaandika kwamba msuli unaofunga taya la kushoto ni mnene kuliko wa kulia, na ndiyo maana anaweza kulibambua gamba la konokono. Kisha nikaja mimi na mashine. Tulimpiga mbawakawa mmoja picha elfu mbili za eksrei huku akizungushwa taratibu; kompyuta ikamjenga upya, ndani na nje, tukaifanya iigize anavyouma. Jibu likatoka kwamba msuli mnene ni wa kulia. Nikaandika makala, nikapongezwa.

Wenzangu, mnakumbuka kikao cha Machi mwaka juzi? Dk. Marlys alisimama na michoro yake mkononi, akasema, “Curtis, mimi nimewapasua arobaini na moja. Ni wa kushoto.” Nami nikamjibu, “Daktari, labda uliwalaza chali, kulia kukawa kushoto!” Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye akatabasamu, akasema, “Haya, hiyo nayo ni tofauti,” akaketi. Sisi watu wa Minnesota tunajua maneno hayo husemwa na mtu aliyeumia. Mwezi uliofuata aliiondoa sura yake kwenye kitabu tulichokuwa tukikiandika pamoja, na kabla mwaka haujaisha akaomba kustaafu mapema. Tukasema amechoka. Amechoka na nini, nani alimuuliza?

Jumanne iliyopita nilikuwa naandaa zawadi yako, Daktari: sanamu ya plastiki ya mbawakawa yule, ukubwa wa paka. Miaka yote tulitazama kichwa tu. Kwa ajili ya sanamu nikafungua picha ya mwili mzima. Mguu mmoja wa nyuma haupo. Si ajabu, huwa tunaukata ili kupima vinasaba. Lakini katika makumbusho haya mguu unaokatwa ni wa kulia, siku zote wa kulia. Wewe ndiye uliyetufundisha, na anayesahau unamgombeza mpaka anatafuta pa kujificha. Kwenye kompyuta yangu, mguu usiokuwepo ulikuwa wa kushoto.

Nilishuka ngazi mbio hadi kabatini. Mbawakawa mwenyewe yumo chupani, ndani ya spiriti. Nikamgeuza mara tatu. Mguu usiokuwepo ni wa kulia.

Vipande vya picha zile hupangwa kimoja juu ya kingine kama silesi za mkate. Mimi, kwa mkono wangu, nilivipanga kuanzia mwisho. Nikapata mdudu wa kwenye kioo, kulia kwake kushoto, na kwa mdudu huyo nikawafanya watu wakucheke.

Nilirudi nyumbani usiku sana. Mke wangu Renee akaniuliza, “Una nini wewe? Umefukuzwa kazi?” Nikamjibu, “Bado.” Je, sikufikiria kunyamaza? Nilifikiria, tena sana. Jumatatu naanza kukalia kiti chako, na kiti hicho nilikipata kwa makala ile ile. Naogopa, ndugu zangu. Nina watoto wawili na nyumba ambayo hatujamaliza kuilipia, na naogopa hata kumtazama mama huyu usoni.

Lakini nilimvunjia heshima mbele ya watu, nitamwombaje radhi kwenye korido? Asubuhi hii nimeliandikia jarida liiondoe makala yangu. Profesa Achterberg, barua ya kukueleza haya iko mezani kwako. Nisamehe kwamba umeyasikia hapa kwanza. Kuhusu kiti, amua unavyoona ni haki.

Dk. Marlys, nisamehe. Na tafadhali usinitabasamie hivyo, bora unigombeze. Ulipasua arobaini na moja, na kwa wote ulikuwa sahihi. Msuli mnene ni wa kushoto.

Wageni wetu, nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza. Daktari, kipaza sauti hiki hapa. Sema lolote ulilonyamazia miaka hii miwili. Mimi sikai mpaka umalize.