Evodia na Mikia ya Mishale Iliyolegea

Wasikilizaji wapendwa, hapa studio nina mshale mkononi. Msiogope, upinde sina. Ni mshale wa kaboni, mwembamba, mtupu ndani. Huku nyuma kumechomekwa kipande kidogo cha plastiki chenye mkato. Mkato huo ndio unaokaa kwenye uzi wa upinde. Wachezaji wanakiita mkia. Leo tunamkumbuka mama aliyekichunguza kipande hiki kuliko wachezaji wenyewe.

Ni mama Evodia Simeo, fundi cherehani wa Manundu, hapa Korogwe. Alizaliwa Vugiri. Ametutoka Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na mmoja. Narudia, Evodia Simeo, fundi cherehani. Upinde hakuwahi kuuvuta hata siku moja. Ila kuuliza, jamani, alijua kuuliza. Mumewe, mzee Filemoni, anasema: "Siku nimekwenda kuchumbia, aliniuliza kwa nini kiatu changu kimoja kimelika kisigino na kingine bado. Mpaka leo sina jibu."

Binti yao, Loyce, anacheza upinde katika klabu moja ya hapa mjini. Miaka mitatu iliyopita mishale yake ilianza kutawanyika. Mmoja kushoto, mmoja kulia. Mashindano ya Handeni yalikuwa karibu. Kocha wake, mwalimu Sufiani, akamwambia kwamba Jumamosi akikosa tena, nafasi yake anapewa mwingine.

Loyce alijua mikia imelegea. Kwa nini basi hakusema? Hapo nami nilikuna kichwa. Kumbe Sufiani ni Mzigua wa Handeni, ukoo wa wawindaji, na klabuni alileta sheria ya babu zake: ukikosa, usisingizie mshale. Anayesingizia mshale akachume mboga. Binti akanyamaza, akakubali kuambiwa kwamba jicho lake ni bovu.

Mama yake hakukubali. Loyce anakumbuka: "Alizungusha mkia kwa vidole viwili, kama anakagua kifungo. Akasema, mwanangu, hiki kinacheza. Kifungo kikicheza, utamlaumu aliyevaa shati?"

Loyce akataka kutia gundi. Evodia akakataa. Gundi ikiganda mkia ukiwa umepinda, umepinda jumla. Akauchomoa, akalaza uzi wa cherehani kwenye kishina chake, pale panapoingia ndani ya mshale, akausukuma mkia ndani. Ukabana, lakini ukainama. Akacheka, akauliza umeinama kwa nini. Kumbe uzi ulikuwa upande mmoja tu. Akaupitisha pande zote mbili, sawasawa, akakata ncha. Mkia ukanyooka, haukucheza tena. Akafanya hivyo kwa mishale yote sita, na kila mkato akauelekeza upande uleule, kwa kufuata manyoya yaliyobandikwa nyuma ya mshale.

Jumamosi Loyce akarusha sita. Mitano ilikaa pamoja, unaifunika kwa kiganja. Wa sita ukaenda pembeni. "Huo nimekosa mwenyewe," akamwambia kocha, kisha akamweleza habari ya uzi.

Sufiani akaenda Manundu. Akasema shikamoo mama, akashukuru. Evodia akaitikia marahaba, akamuuliza swali moja: "Mwalimu, kabla ya huyu wangu, wangapi umewaambia jicho lao bovu?"

Sufiani mwenyewe ananisimulia, sauti iko chini: "Wawili. Fatu na Mwinjuma. Mishale yao sikuwahi hata kuishika."

Kesho yake baada ya kuulizwa swali hilo, alikwenda Mkumbara kumwomba radhi Fatu. Fatu alirudi klabuni. Mwinjuma alimkaribisha chai, wakazungumza vizuri, lakini upinde alikwisha kuugawa. Hakurudi.

Mzee Filemoni, Loyce, na ndugu wote wa Vugiri, poleni sana. Mungu ampumzishe mama yetu mahali pema. Nasi tuliobaki, tuulizane: ni nani tuliyemwambia hawezi, na hatukuangalia alikuwa anatumia nini?

Mimi ninaye mmoja. Miaka minne iliyopita nilimwambia sauti yake haifai redio. Kipaza sauti nilichompa sikukikagua. Nikitoka hapa, nampigia simu.